Furukombe wa Kitangiri

Ndugu msomaji, ukiitazama picha iliyochapwa kando ya safu hii huenda ukadhani kwamba mchapaji amekosea. Utaona maji mengi, mti mmoja mkavu uliosimama ndani ya maji hayo, na juu ya tawi lake kitone cheusi kisichozidi punje ya mtama. Kitone hicho ndicho kilichonisafirisha kutoka Dar es Salaam hadi Mkoa wa Singida, kikaniweka siku sita kando ya Ziwa Kitangiri, na kunifanya nimwombe radhi mzee mmoja mvuvi, jambo ambalo si desturi kubwa ya waandishi wa habari. Mwenzangu wa chumba cha picha alipoiona aliniuliza kama nilisahau lenzi nyumbani. Sikusahau. Leo nakusimulia kwa nini tumechapa picha hii na siyo nyingine, kwa maana nyingine ninayo.

Kitone hicho ni furukombe. Jina hili watu hulitumia kwa zaidi ya ndege mmoja alaye samaki, kwa hiyo afadhali tuelewane mapema. Yule mkubwa mwenye kichwa, kifua na mkia mweupe, ambaye sauti yake hupenya hadi ng'ambo ya ziwa, na ambaye ni mwenyeji wetu mwaka mzima, hapa nitamwita tai mvuvi. Furukombe ninayemsema mimi ni mgeni. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia iliyokolea na tumbo lake ni jeupe. Kichwani ana mstari mweusi unaopita jichoni hadi nyuma ya shingo, kana kwamba amepakwa wanja na mkono uliotetemeka. Mbawa zake zikikunjuliwa hupita mita moja na nusu, lakini mwili wote aghalabu hauzidi kilo mbili, yaani uzito wa jogoo mzuri wa kienyeji wa wale wanaosafirishwa ndani ya matenga kutoka Singida. Akiwa angani mbawa hizo hupinda katikati kama viwiko vya mtu, na kwa alama hiyo utamtambua hata akiwa mbali sana.

Ndege huyu hula samaki, na karibu hana chakula kingine. Maumbile yake yote yamekwenda na kazi hiyo. Katika vidole vyake vinne, kile cha nje anaweza kukigeuza nyuma, akabana samaki kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Nyayo zake zina vinundu vikali kama tupa ya fundi, ili utelezi wa magamba usimshinde. Pua zake hufunga anapoingia majini. Watu wengi hudhani kwamba hutanguliza kichwa kama mdiria. La hasha! Hushuka kichwa chini, ni kweli, lakini anapokaribia maji huitupa miguu mbele, na miguu ndiyo inayogonga. Mara nyingine hutoweka mwili mzima, zikabaki ncha za mbawa tu. Kisha hujinyanyua kwa jitihada, hujitikisa hewani kama mbwa aliyetoka mtoni, na kumgeuza samaki wake kichwa kielekee mbele, ili upepo usimsumbue njiani.

Singida ina sifa ya mawe yake makubwa, alizeti na kuku. Mjini penyewe yapo maziwa mawili, Singidani na Kindai, ambayo maji yake ni ya chumvi na ambako msafiri anaweza kuwaona heroe akiwa bado na vumbi la basi miguuni. Lakini mimi nilimtaka furukombe, na nilishauriwa niende mbele zaidi, Wilaya ya Iramba. Barabara ya Nzega huteremka mlima Sekenke, mahali palipochimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na chini yake hufunguka mbuga ya Wembere. Maji ya mbuga hiyo ndiyo yanayoingia Kitangiri, na yakitoka humo hushika njia ya mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Kitangiri ni ziwa pana lisilo na kina. Mwaka wa mvua hufurika, na mwaka wa ukame hunywea, wavuvi wakaivuta mitumbwi yao juu ya tope. Humo hupatikana perege na kambare, na kwa sababu hiyo hupatikana pia watu, mwari, korongo, tai mvuvi, na kuanzia mwisho wa mwaka, furukombe.

Nilifika mwaloni mwezi wa Novemba. Nilikuwa na kamera, lenzi ya milimita 300, darubini ya kuazima na kiburi kidogo. Nilimpata mzee mmoja mwenye mtumbwi, Mnyiramba, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akauliza swali moja tu: kama ndege huyo ananunuliwa. Nilipomwambia kwamba nataka kumtazama na kumpiga picha basi, alicheka kwa upole na kutaja nauli yake.

Siku mbili za kwanza tuliambulia jua. Siku ya tatu, yapata saa mbili asubuhi, nilimwona. Alikuwa akizunguka juu ya ghuba ndogo yenye maji mafupi. Alisimama hewani papo hapo, mbawa zikipiga haraka na miguu ikining'inia, akajitupa, akatoka mtupu. Akazunguka tena. Nilihesabu. Mara ya pili alikosa, ya tatu alikosa, ya nne akabadili nia akiwa karibu na maji na kupanda juu tena. Mara ya tano akatoka na perege wa kadiri ya kiganja. Akaruka naye mpaka kwenye mti ule mkavu uliomo majini, akamkandamiza tawini, na kuanza kumla kuanzia kichwani, kama ilivyo kawaida yake.

Tulikuwa mbali. Nikamwomba mzee asogeze mtumbwi. Akasogeza, kisha akaweka upondo na kusema, "Hapa panatosha."

Nikasema, "Kidogo tu, baba."

Akasogeza. Furukombe aliacha kula. Aliyabana manyoya yake mwilini akawa mwembamba, akanyoosha shingo na kutukazia macho. Leo nazifahamu alama hizo, kwamba ndege akiacha kula na kujibana namna ile amekwisha kukuambia urudi. Siku ile nilizitafsiri kwamba amekaa vizuri kwa picha. Nikasema tena kidogo tu, na baada ya hapo mara ya tatu.

Akaruka, samaki wake nusu mzima angali kuchani. Hakufika mbali. Kutoka miti ya ng'ambo alitokea tai mvuvi, ambaye kwa wema wake wote huyo mwenyeji wetu ni mnyang'anyi anayejulikana, akamwandama. Walipanda, wakashuka, wakapishana juu ya vichwa vyetu nikisikia mvumo wa mbawa. Kisha furukombe akaachia. Tai akamzoa perege juu ya maji na kwenda zake.

Niseme hapa jambo moja la pembeni. Mwaloni nilisimuliwa kwamba furukombe akishakita makucha hawezi kuyang'oa, hivyo akimpata samaki mzito huzamishwa naye. Masimulizi hayo yapo pia katika nchi za mbali, na wataalamu wanayakanusha. Mimi nami nayakanusha, kwa kuwa niliyaona makucha yale yakifunguka mara moja, na aliyesababisha yafunguke nilikuwa ni mimi.

Muda wote huo kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilipiga picha 41. Arobaini ni ukungu na pembe za mbawa. Moja imetulia kabisa: furukombe amejaa katika picha nzima, mbawa zimetanda, matone ya maji yanang'aa chini ya tumbo, jicho linanitazama, na makucha yote mawili yako wazi, matupu. Katika miaka yangu ya kazi sijapiga picha iliyo safi kuliko ile. Nilimgeuzia mzee kioo cha kamera ili afurahi pamoja nami.

Aliitazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, sisi tukikosa samaki tunarudi nyumbani, mama anasonga ugali wa mtama tunakula na mlenda. Huyu nyumbani kwake ni wapi?"

Kisha akapiga upondo, tukarudi kimya hadi mwaloni.

Usiku, katika nyumba ya wageni, niliikuza picha ile nipate kuona manyoya. Hapo ndipo nilipotambua nimemfanyia nani. Furukombe mzima ana mgongo wa kahawia mtupu na jicho la manjano. Huyu kila unyoya wa mgongoni ulikuwa na pindo nyeupe, mithili ya magamba, na jicho lake lilielekea rangi ya chungwa. Alikuwa kinda wa mwaka huo huo.

Nivumilie, ndugu msomaji, nikueleze maana yake, kwa kuwa humu mna habari ya familia, na ukurasa huu ni wa familia. Furukombe wanaotufikia huku wametotolewa kaskazini, katika nchi kama Finland na Urusi, kwenye viota vikubwa vya vijiti juu ya vilele vya miti. Mume na mke hukutana kwenye kiota kile kile mwezi wa Aprili, baada ya kukaa miezi mingi kila mmoja peke yake katika Afrika, pengine nchi mbili tofauti. Jike hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne, na makinda hutoka mwezi wa Juni. Muda wote huo dume ndiye mtafutaji. Mwezi wa Agosti makinda wamekwisha kuruka, na mara nyingi mama huwa wa kwanza kuondoka. Baba hubaki nyuma akiwaletea samaki. Halafu naye huondoka, na kinda huondoka kivyake, bila mkubwa wa kumwongoza, kuelekea mahali asipowahi kupaona. Kutoka kusini ya Finland hadi Iramba ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na katikati yake yamo mabahari na majangwa. Akifika, hana wa kumfundisha wapi pana samaki, wala wa kumwonya kwamba ng'ambo yupo tai. Anahitaji gramu 300 hadi 400 za samaki kwa siku. Makinda wengi hawaumalizi mwaka wao wa kwanza.

Kwa hiyo yule aliyekuwa juu ya mti mkavu alikuwa mtoto wa miezi mitano hivi, aliyekuja peke yake kutoka mwisho wa dunia, akakosa mara nne, akapata mara ya tano, nami nikamnyang'anya kwa mkono wa tai ili nipate picha.

Alfajiri nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Alishangaa, akasema samaki hakuwa wake. Lakini alikataa kunichukua mtumbwini siku ile, na akanionyesha mgunga mmoja ufukweni, akaniambia nikae pale.

Nilikaa siku tatu. Kutoka mgunga ule hadi mti mkavu ni hatua kama mia moja na hamsini. Nilijifunika shuka kuukuu la rangi ya udongo, nikafika kabla ya mapambazuko ili ndege asinione nikiingia, na sikuondoka mpaka yeye mwenyewe alipoondoka. Siku ya kwanza hakuja, na kusema kweli sikula chakula cha mchana kwa raha. Siku ya pili, saa tatu kasorobo, aliteremka juu ya tawi lile lile. Kuanzia hapo nilianza kuona mambo ambayo ndani ya mtumbwi nisingeyaona kamwe. Niliona kwamba kabla ya kwenda kuvua hunya kwanza, na kwamba baada ya kula huruka chini chini akiburuta miguu juu ya maji, kana kwamba anaiosha. Niliona kwamba hukaa, hukaa, hukaa. Saa nzima, saa mbili, hafanyi lolote, anatazama maji tu. Mitumbwi ya wavuvi ilipita karibu naye, watu wakiongea na kuvuta nyavu, naye hakujali. Nadhani alijua kwamba hao wana kazi yao. Mashaka yake ni kwa chombo kinachomwelekea moja kwa moja na kusimama. Siku hiyo alijitupa mara kumi na moja, akapata mara mbili, na tai mvuvi hakuonekana.

Wapo wasomaji wenye kamera, au simu nzuri zenye kamera, ambao wamekwisha kuuliza katika nyoyo zao jinsi ya kumpiga picha. Niseme kwa ufupi. Anza na darubini, siyo kamera. Ukimfahamu ratiba yake kwa siku mbili, siku ya tatu hutamkimbiza. Kaa upande ambao jua la asubuhi liko mgongoni kwako, maana tumbo lake jeupe na mgongo wake mweusi hugombana sana jua likiwa utosini. Kwa ndege anayejitupa, kasi ya kamera isiwe chini ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Pima mwanga wako kwa ile sehemu nyeupe, usiiunguze. Usimrushie samaki ili aje kwako, wala usimshtue ili aruke. Akikazia macho na kujibana, rudi nyuma hatua ishirini, na uzihesabu kweli. Simu itakupa kitone. Basi kipokee kitone.

Anayedhani kwamba kutazama kwa mbali ni unyonge, nampa habari ya Uingereza. Huko furukombe walipigwa risasi na mayai yao yakaibwa na wakusanyaji, hata kufikia mwaka 1916 hivi hakuna aliyejulikana kuzaa tena katika nchi ile. Mwaka 1954 jozi moja ilirudi yenyewe Scotland. Walinzi waliwekwa, na bado mwaka 1958 mwizi mmoja alipenya usiku akaharibu kiota cha Loch Garten. Mwaka uliofuata wahifadhi walifanya jambo ambalo wengi waliliona wazimu: badala ya kuficha mahali pale, walipatangaza. Walijenga kibanda kwa mbali, wakaweka darubini, wakawakaribisha wananchi. Watu walikuja kwa maelfu, wakatazama kutoka kibandani, na macho hayo yote yakawa ndiyo mlinzi. Leo wanahesabu jozi kwa mamia.

Wewe uliyeko mjini huna haja ya kufika Iramba. Kuanzia Septemba hadi Machi furukombe huweza kuonekana kwenye ghuba na mikoko ya pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na kando ya maziwa yetu makubwa. Jumapili moja wachukue watoto, mfungashe viazi na chai, mkae. Manati ziacheni nyumbani. Na ikitokea mkaokota furukombe aliyekufa akiwa na pete ya chuma mguuni, msimpe mtoto aivae kidoleni. Juu ya pete hiyo mna namba, na mna anwani ya makumbusho ya nchi alikovishwa. Iandikeni namba hiyo, mahali na tarehe, mpeleke taarifa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Huko kaskazini yupo mtu aliyepanda juu ya mti na kumshika ndege huyo angali kinda, naye anangoja kujua alifika wapi. Wa kwangu hakuwa na pete. Nilitazama sana.

Picha ile safi nimeiweka. Mhariri aliiona, na haki yake lazima niitaje: alitaka aichape nusu ukurasa, na tulibishana hadi jioni. Hii ndogo niliipiga siku ya mwisho, kutoka mgungani, saa nne asubuhi. Ukiwa na macho mazuri utaona kwamba kile kitone kina mkia wa samaki upande wa chini.

Nilimpelekea mzee nakala mbili kwa basi la Singida, na kwenye kila moja nikachora duara jekundu kwa kalamu, ili wajukuu wake wajue pa kutazama. Alinipigia simu kupitia kwa kijana wake. Alisema zimefika, na akauliza yule mtoto atarudi lini kwao. Nikamweleza kwamba wakubwa wataondoka Machi kwenda viotani, lakini wa mwaka wa kwanza hawaendi nao. Hubaki huku huku kiangazi kizima, na zaidi ya mwaka, mpaka wapate nguvu za safari. Kwa hiyo furukombe atakayeonekana Kitangiri mwezi wa Juni au Julai huenda akawa ni yeye.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwezi wa Julai maji huwa yamepungua, naye huvua upande ule wa mti mkavu.